Mbu Ana Juma, Sisi Tuna Mwezi

Ndugu wananchi wenzangu wa Dar es Salaam, na ninyi jamaa wa Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Lindi na visiwani, ambao hali yenu ni moja na yetu, naomba kuanza kwa jambo dogo nililoliona kwa macho yangu.

Masika haya, baada ya mvua za juma zima kukatika, nilichukua upawa na bakuli jeupe la bati nikaenda nyuma ya uwanja wa mtaa wetu, mahali ambapo magurudumu ya gari la taka yameacha mashimo mawili marefu yaliyojaa maji ya mvua, maji safi yanayometameta juani, ambayo mtu asiyejua angeapa kuwa hayana dhara. Nikachota upawa mmoja, nikaumimina bakulini, nikangoja maji yatulie. Kwanza sikuona kitu. Kisha vikatokea viluwiluwi 11, vyembamba mfano wa nyuzi za kahawia, vimelala ubapa juu ya uso wa maji, na kivuli changu kilipovifikia vilijirusha kinyumenyume, vikazama, na punde vikarejea juu. Viluwiluwi vya mbu wa chooni huning'inia kichwa chini na mkia juu. Lakini hivi vilalavyo ubapa ni watoto wa anofelesi, naye ndiye mchukuzi wa malaria. Nilivihesabu mara mbili, nikavimwaga juu ya mchanga mkavu, nikarudi nyumbani na fikira moja: siku ya usafi wa mtaa wetu ilikuwa bado siku 19.

Hizo siku 19 ndizo zilizonishikisha kalamu. Tuna desturi njema ya kufanya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wala sina nia ya kuitia ila, maana imetutoa wengi majumbani na kutukutanisha na majirani ambao pengine tusingejua hata majina yao. Walakini mbu hana habari na kalenda yetu. Anofelesi jike akisha kunywa damu, ambayo huihitaji kwa ajili ya mayai yake, hutaga mayai baina ya 50 na 200 majini kwa mara moja. Na katika joto la pwani, tangu yai litagwe hata mbu mzima aruke kutoka majini, hupita siku 7 hadi 14 tu. Basi mtaa unaofukia madimbwi yake mara moja kwa mwezi humwachia adui nafasi ya kuzaa, na wanawe nao wakakaribia kuzaa, kabla fagio halijatoka uvunguni. Mwaka una majuma 52, na fagio letu hutoka mara 12. Ninalowaomba, na ndilo ombi langu lote, ni kwamba kila mtaa ujipangie siku moja katika kila juma, isiyoahirishwa kwa harusi wala kwa mpira, ambayo maji yote yaliyosimama yatamwagwa, yatafukiwa, yatafunikwa au yatafunguliwa njia yaende zake.

Elimu ya kwamba mbu ndiye aletaye homa si ngeni kwetu. Tabibu Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa na sifa duniani kote, alipokuwa katika nchi hii mwaka 1897 na 1898, alipata habari ya kuwa Wasambaa wa milima ya Usambara waliposhuka tambarare walirudi na homa, na homa hiyo wakaiita mbu, kwa jina lile lile la mdudu. Ilikuwa tarehe 20 Agosti mwaka huo wa 1897 ambapo Ronald Ross, huko Secunderabad katika India, aliona kwa hadubini vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu aliyempasua. Lililomgharimu mtaalamu yule miaka ya kuinamia kioo, wazee wa Usambara walikuwa wamekwisha kulitia katika neno moja la herufi tatu. Sitaji haya kwa kujivuna. Nayataja kwa sababu mtu aliyejua tangu kale hana udhuru wa kusema hakuambiwa.

Tazameni Unguja na Pemba. Kuanzia mwaka 1958 hata 1968 visiwa vile vilifanyiwa kazi kubwa ya kuung'oa ugonjwa huu, nyumba zikipigwa dawa kutani duru baada ya duru, na malaria ikapungua kwa kiasi ambacho watu walikaribia kuisahau. Kisha kazi ikasimamishwa. Mbu hakuwa amehama. Alikuwa akingoja, na katika miaka iliyofuata homa ikarudi na kujaza wodi kama zamani, ikiwakuta watoto waliozaliwa wakati wa faraja, ambao miili yao haikuwa na mazoea nayo. Ilichukua hata mwaka 2003, ilipoanza kutumika dawa mseto, na mwaka 2006, vyandarua na dawa ya ukutani vilipoenea, ndipo visiwa vikashuka tena mpaka chini ya mgonjwa mmoja katika kila watu 100 waliopimwa. Mimi kila nisomapo habari hii huona uchungu, si kwa kushindwa kwao, maana walishinda, bali kwa ile miaka ya katikati iliyopotea kwa sababu kazi ilidhaniwa kuwa imekwisha.

Na hapa Dar es Salaam tumekwisha kuonja kazi ya kila juma. Katika mpango wa mji wa kupambana na malaria ulioanza mwaka 2004, wakazi wa mitaa wenyewe walipewa kila mmoja eneo lake, wakalipita nyumba kwa nyumba kwa mpango wa nyumba kumi, wakachora ramani ya kila dimbwi na mfereji. Na kuanzia mwaka 2006, kwanza katika kata tatu kisha katika kata nyingine, walitia katika maji yaliyo wazi dawa ya kuua viluwiluwi, nao waliitia kila juma, kwa kuwa waliokuwa wakiwaongoza walijua hesabu ya mbu. Maambukizo ya watoto yalipungua mahali walipopita. Waligundua pia jambo ambalo wengi tungeliona la ajabu: kwamba mahali pamojawapo papendwapo na anofelesi katika mji wetu ni katikati ya matuta ya matembele na viazi mabondeni, katika vile vijifereji vinavyobaki na maji baina ya tuta na tuta. Wakulima wa bondeni si adui zetu. Mboga zao ndizo tunazokula jioni. Lakini waketi nasi siku ya mkutano wa mtaa, tupatane jinsi ya kuvikausha vijifereji hivyo au kuvipitishia maji yaendayo, kabla hajatokea kiongozi wa kuamuru matuta yang'olewe.

Fauka ya malaria, kuna maradhi mengine yanayonywa katika kikombe hicho hicho. Kidingapopo, ambayo ilitusumbua mjini hapa mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huletwa na mbu mwenye mabaka meupe miguuni aumaye mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Yeye hutaga katika tairi kuukuu, kifuu cha dafu, kopo na sahani ya chini ya chungu cha maua. Chikungunya, inayomkunja mtu kwa maumivu ya viungo, ilijulikana kwa wataalamu kwa mara ya kwanza katika nchi ya Wamakonde upande wa Newala mwaka 1952, na jina lake ulimwenguni kote hata leo ni la Kimakonde. Matende na mabusha, ambayo yamewafanya wazee wetu wengi waone haya kutoka nje, husambazwa na mbu wa shimo la choo pia. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yalimiminiwa chembe za povu jeupe la plastiki zikaelea na kufunika maji yote, viluwiluwi vikakosa pumzi, na mbu wa usiku wakapungua mno. Yalifanyika hayo pamoja na watu kumeza dawa. Na sasa kuna mgeni wa kuhadhari naye, anofelesi wa Asia aitwaye stefensi, aliyeonekana Jibuti mwaka 2012, naye amekwisha kufika Ethiopia, Sudan, Somalia na Kenya. Huyu hahitaji bonde wala tuta, hutaga katika tangi na pipa la maji uani mwa watu wa mjini.

Najua kwa nini tuna mapipa. Mahali bomba litoapo maji siku mbili kwa juma, mama wa nyumba hana budi kuweka akiba, na anayemlaumu kwa hilo hajawahi kuamka saa nane za usiku kukinga ndoo. Hatumwambii amwage maji yake. Tunamwambia alifunge pipa kwa kitambaa kizito kilichokazwa kwa kamba, na fundi wa mtaa amtengenezee mfuniko uliokaa sawasawa, na asiye na fedha ya mfuniko tumchangie, kwa sababu mbu atakayezaliwa katika pipa lake hatauliza ni nyumba ya nani kabla ya kuingia.

Kuna kundi litakalosema kwamba hii ni kazi ya serikali. Sehemu yake ni kazi ya serikali, nasi tuna haki ya kuidai: mifereji iliyozibwa, barabara zisizosawazishwa, dawa na vipimo visivyokosekana katika zahanati. Lakini hapana serikali duniani iliyo na mikono ya kutosha kuinua kila kifuu kilichotupwa nyuma ya kila nyumba.

Hata tukilinda maji, homa itabisha hodi siku nyingine, na hapo nina neno linalonigusa mwenyewe. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa ndugu yangu mdogo aliposhikwa na degedege. Macho yaligeuka, taya zikakaza, mikono ikarukaruka kama mbawa za kuku aliyechinjwa; wazee wakasema ni shetani aliyempitia juu, wakamfukiza, wakamfunga hirizi, na siku mbili zikapita. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na sitawanenea vibaya. Alipofikishwa hospitali alikuwa hai, akatibiwa malaria, akapona. Lakini sikio lake la kulia halikusikia tena. Kwa hiyo nawasihi: mtoto mwenye homa apimwe siku ile ile, kwa tone la damu ya kidole, na jibu hupatikana kwa muda mfupi; akikutwa na malaria apewe dawa mseto kwa siku tatu kamili, dozi zote sita, hata kama siku ya pili anacheza mpira. Mwenye degedege apelekwe kituoni kwanza kabla ya kwingine kote. Mjamzito asikose vidonge vyake vya kinga kliniki, wala chandarua chenye dawa kisiwe wavu wa dagaa au ua wa bustani. Chanjo nayo imekwisha kuanza kutumika, tangu mwaka 2019 kwa majirani zetu wa Kenya na Malawi, pamoja na Ghana. Ni msaada mkubwa, lakini haiondoi haja ya jembe. Takriban watu 600,000 hufa kwa malaria kila mwaka ulimwenguni, na walio wengi ni watoto wa Afrika ambao hawajatimiza miaka mitano.

Sisi wa mtaa wetu tumekubaliana kuanza Jumamosi hii, baada ya jua kuchomoza na kabla halijawa kali. Vijana wa bodaboda wa kijiweni wameahidi majembe manne na toroli moja la mchanga. Kina mama wawili, ambao wamekuwa wakiuza maandazi kona ile kwa miaka na wanaijua kila nyumba, watapita kukagua mapipa na tairi. Watoto wa darasa la sita watakwenda na mabakuli meupe, wachote na kuhesabu, na mjumbe ataandika hesabu katika daftari, tarehe, mahali na idadi, ili Jumamosi inayofuata tujue kama tunapunguza au tunajidanganya. Mitaa ya jirani nayo iandike daftari yake, nasi tutakuja kuisoma, kama ninyi mtakavyokuja kuisoma ya kwetu. Mimi nitaanzia katika yale mashimo mawili ya nyuma ya uwanja. Aliye na sururu aje nayo, maana udongo wa pale ni mgumu.