Nani Ana Ruhusa ya Kusimamisha Kazi?

Yapo mazoea ya kudhani kwamba tija mahali pa kazi huletwa na mambo mawili tu: bidii ya kila mtu na ukali wa msimamizi. Kiwanda kikizalisha pungufu, wafanyakazi huambiwa wazidishe juhudi. Shule ikianguka katika mtihani wa sayansi, wanafunzi huambiwa waache uvivu. Dhana hiyo si uongo mtupu. Lakini inaliacha nje jambo ambalo limejitokeza tena na tena katika uchunguzi wa ajali, nalo ni kwamba kazi ya watu wengi huharibika pale ambapo mdogo ameliona kosa, akanyamaza.

Historia ya urubani yafaa kuangaliwa kwanza. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing yenye injini nne iliruka ikionyeshwa kwa jeshi, ikaanguka muda mfupi baadaye. Marubani wawili walikufa. Injini zilikuwa nzima. Wachunguzi waligundua kwamba wahusika walisahau kulifungua komeo linaloshikilia mabapa ya mkiani yasitikiswe na upepo ndege inapoegeshwa. Rubani mkuu hakuwa mwanagenzi. Alikuwa bingwa wa kujaribu ndege. Dawa iliyopatikana haikuwa kumtafuta rubani mwenye akili zaidi, bali karatasi yenye orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka. Ndege hiyo hiyo ikaja kuitwa B-17, na zaidi ya 12,000 ziliundwa.

Karatasi ilitibu usahaulifu. Ukimya ni ugonjwa mwingine. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, uwanja ukiwa umefunikwa na ukungu, rubani mkuu wa ndege ya Kiholanzi alianza kuruka ilhali ndege ya Kimarekani ingali mbele yake kwenye njia ile ile. Mhandisi wake wa ndege aliuliza kama ile nyingine imekwisha kuondoka. Rubani, mtu aliyeheshimiwa mno katika shirika lake, alijibu kwa mkazo kuwa imeondoka. Mhandisi hakuuliza mara ya pili. Watu 583 walikufa. Ajali hiyo ni miongoni mwa zilizoyafanya mashirika ya ndege kuanza kuwafundisha wakubwa kusikiliza, na wadogo kusema hadi wasikike.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Ina vipengele 19, na husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Mengi yanayoulizwa ni ya kawaida kabisa. Huyu ni mgonjwa gani? Anapasuliwa upande upi? Sindano na vitambaa vya kufutia damu vimehesabiwa vikatimia? Kisha kipo kipengele ambacho mwanzoni huweza kuonekana kama mchezo wa watoto: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Kumbe hapo ndipo penye siri. Muuguzi ambaye sauti yake imekwisha kusikika mara moja hupata wepesi wa kuitoa tena anapoona hatari.

Orodha hiyo ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane za miji minane, ikiwemo London, Toronto, Manila na Ifakara mkoani Morogoro. Kabla ya kuitumia, katika wagonjwa 3,733 walikufa asilimia 1.5, baada ya kuitumia, katika wagonjwa 3,955 walikufa asilimia 0.8. Waliopata madhara makubwa walipungua kutoka asilimia 11 hadi 7. Mwanafunzi makini atauliza, na ni haki yake, kama wauguzi na madaktari hawakuongeza uangalifu kwa sababu tu walijua wanatazamwa. Jaribio la kulinganisha kabla na baada haliwezi kuifuta shaka hiyo lenyewe.

Matokeo kutoka jimbo la Ontario, Kanada, yaliyotangazwa mwaka 2014, yaliizidisha. Hospitali 101 zilichunguzwa baada ya kutakiwa kuitumia orodha. Zilitoa taarifa kwamba inatumika karibu kila mara, lakini vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Wengine wakasema orodha haifai kitu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Katika hospitali za maveterani wa Marekani, utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba pale wafanyakazi wa chumba cha upasuaji walipofunzwa pamoja namna ya kuzungumza na kukaguana, vifo vya mwaka vilipungua kwa asilimia 18; pale ambapo mafunzo hayajafika, kwa asilimia 7. Agizo huleta sahihi kwenye karatasi. Mazoea hujengwa na watu wenyewe, tena polepole.

Hapa huzuka pingamizi la adabu. Mdogo amhoji mkubwa mbele za watu? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau, lakini desturi hazibadilishwi kwa tamko. Uzuri wa orodha ni kwamba anayeuliza ni karatasi, si mtoto. Kijana aliyetoa shikamoo asubuhi anaweza kuusoma mstari wa nne kwa heshima zote, na mwalimu akalazimika kugeuka na kuutazama mrija wa gesi.

Maabara za shule ndipo pa kuanzia. Mara nyingi wanafunzi sita hukizunguka kichomeo kimoja. Mmoja mwenye sauti kubwa hufanya yote, watano hunakili. Kabla ya kuwasha moto, mmoja na asome orodha kwa sauti, kila mtu ataje kazi yake, na aliye mdogo kuliko wote apewe ruhusa ya kusema "simama". Zamu zibadilishwe kila juma. Hilo huchukua dakika mbili na halihitaji fedha za wizara.

Mwalimu anayetaka kujua darasa lake limefikia wapi anaweza kuacha kwa makusudi kosa lisilo na hatari. Aandike ubaoni sentimita za ujazo 250 za maji panapotakiwa 25, kisha aitazame saa, ahesabu ni dakika ngapi zitapita kabla mkono wa kwanza haujanyooshwa, na aangalie ni wa nani.