Makofi hayanunui nyuzi



Wanaosifu Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi (DCMA), Zanzibar, husahau mfuko. Kilianzishwa mwaka 2002. Kufikia 2019, ufadhili wa nje ulipopungua, kilikaribia kufungwa. Ganuni moja, ala ya taarabu, ina nyuzi zaidi ya 70, na makofi ya watalii hayanunui hata mmoja.

Kuna dawa: mji wa Cleveland, Marekani, ulianza na akiba. Mwaka 1914 Frederick Goff, mtu wa benki, alibuni mfuko wa mji unaokusanya wasia na michango, ukawekezwa, kisha ruzuku zikatolewa kwa elimu na sanaa. Kenya ina mfuko wa aina hiyo, KCDF, tangu 1997.

Zanzibar je? Wenye hoteli za Mji Mkongwe, wanaowaburudisha wageni kwa taarabu, ndio wangefaa kutangulia kuchangia mfuko kama huo.

Msomaji, Unguja