Pikipiki za kale: Faida iko kwenye vipuri, si kwenye mng'aro

Januari 2018, katika mnada uliofanyika Las Vegas, Marekani, pikipiki ya Kiingereza aina ya Vincent Black Lightning iliyotengenezwa mwaka 1951 iliuzwa kwa dola 929,000. Kabla ya hapo, Aprili 2016, pikipiki aina ya Brough Superior ya mwaka 1938 ilipata pauni 331,900 katika mnada wa Stafford, Uingereza. Habari za namna hii huenea upesi, na kila zinapoenea hujitokeza watu wenye akiba kidogo wanaoanza kulitazama kwa jicho jipya lile chuma lililolala uani kwa babu.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Bei hizo mbili ni za kweli, lakini hazisemi kile ambacho wengi wanadhani zinasema.

Ile Brough Superior ilikuwa moja ya pikipiki nane zilizokutwa ghalani huko Cornwall, zikiwa zimekaa humo kwa zaidi ya miaka 50. Zilikuwa zimeliwa na kutu, na nyingine zilikuwa vipande vipande. Hakuna fundi aliyezigusa kabla ya mnada. Rangi mpya na kromu havikuchangia hata senti moja katika bei ile. Kilicholipiwa ni uhaba: kiwanda cha Brough Superior cha Nottingham kilitengeneza pikipiki zaidi kidogo ya 3,000 tu kati ya mwaka 1919 na 1940. Black Lightning nazo zilitengenezwa takriban 30. Kitu ambacho dunia nzima kipo kwa idadi hiyo hakihitaji kung'arishwa ili kipate mnunuzi.

Lakini pikipiki ambayo mwekezaji mdogo anaweza kuimudu si ya aina hiyo. Ni BSA Bantam, au Royal Enfield, au Triumph ya kawaida. Bantam ilitengenezwa Birmingham tangu mwaka 1948 hadi 1971, kwa laki kadhaa. Ramani yake ilitoka kwa DKW RT 125 ya Ujerumani, ambayo Waingereza waliichukua baada ya vita kuu ya pili. Yamaha nao walitumia ramani hiyo hiyo kutengeneza pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955. Mashine iliyotengenezwa kwa wingi kiasi hicho haimtajirishi mtu kwa kukaa tu.

Mfano wa hesabu unatosha kulionyesha jambo hili. Mtu ananunua pikipiki kuukuu kwa shilingi milioni 4. Vipuri vinakula milioni 5. Usafirishaji, ushuru na ufundi vinachukua milioni 2. Jumla ni milioni 11, na kazi inachukua miezi 18 kwa sababu kila kipuri kinasubiriwa kutoka ng'ambo. Ikiwa kwa wastani shilingi milioni 7 zimelala kwa muda huo, na mkopo una riba ya asilimia 12 kwa mwaka, riba peke yake ni shilingi 1,260,000. Gharama halisi inakuwa shilingi 12,260,000. Soko likisema milioni 10, mwenye pikipiki amepata mashine nzuri ya kupigia picha na hasara ya shilingi 2,260,000.

Hesabu hiyo inaweza kubadilika huku na huku, lakini umbo lake ni lile lile: fedha zinatoka kwa mwenye pikipiki na kwenda kwa muuza vipuri. Swali la kibiashara, basi, halihusu pikipiki ipi inunuliwe. Linahusu upande gani wa kaunta mtu anataka kusimama.

Wapo watakaouliza, vipuri vya mashine ambayo kiwanda chake kilikufa zamani vinatoka wapi? Jibu lina somo kubwa kwa wafanyabiashara wa huku.

Chukua Royal Enfield. Kampuni hii ilikuwa na makao yake Redditch, Uingereza. Katika miaka ya 1950 jeshi la India lilihitaji pikipiki za doria, likachagua Bullet ya sisi 350. Mwaka 1955 ikaanzishwa Enfield India mjini Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi. Mwanzoni Wahindi waliunganisha tu vipande vilivyotoka Uingereza, lakini hatua kwa hatua wakaanza kutengeneza kila kitu wenyewe. Redditch ikafungwa mwaka 1967, na kampuni mama ikafa muda mfupi baadaye. Chennai haikufungwa. Iliendelea kutoa Bullet ya umbo lile lile la kale hadi karne hii, na tangu mwaka 1977 ikawa inaiuza hata huko Uingereza ilikozaliwa. Ndiyo maana mwenye Bullet ya miaka ya 1950 anaweza kupata vipuri vingi vipya kwa bei ya mashine ya kawaida, japo vipo visivyoingiliana.

Njia ya pili ni ya Vincent. Kiwanda cha Stevenage kiliacha kutengeneza pikipiki mwaka 1955, na hapakuwa na Madras ya kukiokoa. Katika miaka ya 1970, wanachama wa klabu ya wenye pikipiki hizo walichanga mtaji, wakanunua hisa na kuunda kampuni yao ya vipuri. Kampuni hiyo huagiza vipuri kutoka kwa karakana mbalimbali kwa kufuata michoro ya asili, kisha huviuzia wanachama na wengineo. Imefika mahali ambapo iliweza kuunda pikipiki nzima kwa vipuri vipya vitupu. Wateja wamegeuka wenye hisa, na wenye hisa ndio wateja. Hakuna anayemlangua mwenzake, na hakuna bidhaa inayoagizwa bila kujua nani ataihitaji.

Njia ya tatu ni ya mtengenezaji wa sehemu moja tu. Pikipiki nyingi za Kiingereza zilitumia kabureta za Amal. Viwanda vya pikipiki vilikufa kimoja baada ya kingine, lakini Amal haikufa. Jina na michoro vilibadilisha mikono, na hadi leo kabureta hizo zinatengenezwa mpya katika mji wa Salisbury, Uingereza. Mwenye jina hilo hajali kama BSA ilifilisika au Norton ilifungwa. Wote waliobaki na pikipiki hizo lazima wapite mlangoni kwake.

Katika njia zote tatu, aliyenufaika ni yule aliyejua idadi ya mashine zilizobaki na kitu gani kinakwisha kwanza. Ringi za pistoni, gasketi, kebo, sahani za klachi, cheni na mipira: hivi ndivyo vinavyouzwa kila mwezi. Tangi la asili linauzwa mara moja, halafu basi.

Hapa Afrika Mashariki nafasi ipo, ila si ile inayotangazwa vijiweni. Soko la wakusanyaji wa pikipiki za kale ni dogo mno kumlisha mtu. Lakini kazi ya mikono inayohitajika ni ile ile inayofanyika kila siku Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi: kuchonga bushi, kupanua silinda, kunyoosha fremu. Magneto ya Lucas iliyokufa inahitaji kusukwa upya waya wake, na mafundi wa kusuka mota tunao. Mwenye pikipiki wa Ulaya hulipia kazi hiyo fedha za kigeni, tena kwa foleni.

Kinachowakwamisha mafundi wetu ni vipimo, wala si ustadi. Nati na bolti za pikipiki za Kiingereza za zamani ni za mfumo wa Whitworth na wa baiskeli za Kiingereza, wenye nyuzi 20 au 26 kwa inchi. Spana za milimita hazikamati sawasawa. Fundi asiyejua hilo huikaza bolti ya milimita kwa nguvu ndani ya tundu la Whitworth, uzi unakatika, na kasha la injini la aluminiamu lililovumilia miaka 60 linaharibika kwa dakika moja. Seti ya spana na tapu za mfumo huo ni mtaji mdogo kuliko pikipiki moja mbovu, na ndio unaomtenganisha fundi wa kuaminiwa na fundi wa kubahatisha.

Jambo jingine ni namba. Katika soko hili, namba ya injini na ya fremu zikiwa ndizo zilizotoka pamoja kiwandani, bei hupanda, zikitofautiana, hushuka. Kwa sababu hiyo wapo wanaosaga namba na kugonga nyingine. Dawa yake ipo. Klabu ya Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1946, inatunza kumbukumbu za viwanda kadhaa zikiwamo za BSA na Triumph, zinazoonyesha pikipiki yenye namba fulani ilitoka lini. Mnunuzi anayelipa kabla ya kuuliza kumbukumbu hizo asimlaumu dalali.

Hili linawahusu hata wasio na nia ya kuwekeza. Familia nyingi huuza pikipiki ya marehemu kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Kabla ya kufanya hivyo, inafaa isomwe namba ya injini, itafutwe kadi, na ipigwe picha. Pikipiki yenyewe huenda isiwe na thamani kubwa, lakini kabureta, magneto, taa na kasha la gia vinaweza kwa pamoja kuzidi bei ya kilo mara nyingi. Mwenye mzani analijua hilo, mjane hajui.

Wapinzani wa hoja hii watasema kuwa vipuri navyo hulala stoo, na kwamba mtaji uliolala ni mtaji uliokufa. Ni kweli, na wengi wameangukia hapo: walinunua shehena nzima ya duka lililofilisika, wakajikuta na rundo la vitu visivyochakaa, maana vinavyochakaa vilishauzwa na mwenye duka wa kwanza. Ndiyo sababu mfano wa Vincent una uzito. Wafanyabiashara watano au kumi wakikusanya oda zao kwanza, wakajua idadi, ndipo wakaagiza au wakachongesha, hakuna anayelala na mzigo peke yake. Ni ile ile michango ya upatu, ila mwishoni panatoka bidhaa badala ya fedha.

Somo hili ni kubwa kuliko pikipiki za kale zenyewe. Barabara zetu zimejaa Boxer za Bajaj na pikipiki za TVS, zote kutoka India, na TVS ina makao yake Chennai, mji ule ule wa Royal Enfield. Hakuna toleo la pikipiki litakalotengenezwa milele. Siku kiwanda kitakapobadili injini, maelfu ya waendesha bodaboda watabaki na mashine ambazo hawawezi kuzitupa, kwa sababu ndizo zinazowalipia kodi ya nyumba na ada za watoto. Wengine bado wanazilipia mkopo. Watakwenda kwa nani?

Watakwenda kwa yule aliyeweka daftari la vipuri vinavyotoka na visivyotoka, aliyetunza sampuli na vipimo, na aliyejuana na karakana inayoweza kuchonga. Waingereza walijifunza hilo baada ya viwanda vyao kufa. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Kirinyaga Road anaweza kujifunza kabla.

Kwa mwenye akiba anayetamani pikipiki ya kale, ushauri ni mfupi. Ainunue kama anaipenda, na gharama yake aiandike kwenye fungu la starehe. Kama anataka faida, amwachie mwingine ile pikipiki, yeye amuuzie ringi.