Kompyuta ya gemu iliyoundwa tayari: Mzazi unalipia nini?

Chukulia mama wa Simbo, mkoani Kigoma, aliyeweka akiba ya mawese kwa misimu miwili. Kijana wake amemaliza kidato cha nne. Jioni moja anamwonyesha picha kwenye simu: kompyuta ya gemu yenye kioo ubavuni na taa zinazobadilika rangi, inauzwa Kariakoo kwa Sh2.5 milioni.

“Mama, hii imekamilika. Unachomeka tu, unacheza.”

“Na ikizimika, mwanangu, nani ataiwasha?”

Wazazi wengi hukimbilia kusema gemu ni upuuzi, na mazungumzo huishia hapo. Mama huyu ameuliza swali zuri zaidi. Kompyuta iliyoundwa tayari huuzwa kwa bei ya vifaa pamoja na malipo ya aliyeviunganisha na kuvijaribu. Malipo hayo ni halali, mradi aliyeyapokea anapatikana mashine inapoharibika. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Waranti isiyosema nani atalipia usafiri wa kurudisha mashine haimsaidii sana mtu wa Simbo.

Jambo la kwanza ni kupata orodha ya vifaa kwa maandishi: prosesa, kadi ya picha, RAM, diski, madabodi na pawa saplai, kila kimoja na jina lake kamili. Tangazo likisema “i7, RAM 16, kadi ya gemu” halijasema kitu. Prosesa ya i7 ya miaka kumi iliyopita inaweza kuzidiwa na i5 ya karibuni. Pia Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana.

Orodha ikipatikana, kijana atafute bei ya kila kifaa katika maduka mawili au matatu, kisha ajumlishe. Kiasi kinachozidi ndicho malipo ya kazi na waranti. Kikiwa kidogo, mashine iliyoundwa tayari inafaa. Kikiwa kikubwa, ni nafuu kununua vifaa na kumlipa fundi. Hesabu hii hubadilika na wakati: mwaka 2021 kadi za picha zilipoadimika duniani, mara nyingi mashine nzima ilikuwa njia rahisi ya kuipata kadi yenyewe.

Kifaa ambacho wauzaji hukitaja mara chache ni pawa saplai, na ndicho cha kuulizia zaidi. Hapo ndipo muuzaji anayetafuta faida hubana matumizi, kwa kuwa mnunuzi hutazama taa. Ikiwa dhaifu, mashine hujizima katikati ya mchezo, na ikifa vibaya inaweza kuunguza vifaa vingine. Mzazi aulize pia kama ni ya umbo la kawaida la ATX. Baadhi ya kampuni hutumia pawa saplai na madabodi za umbo lao pekee, hivyo fundi wa mjini Kigoma hawezi kuweka nyingine yoyote iliyopo dukani.

Kwa miaka mingi Kigoma iliishi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na wakazi wanajua umeme unavyokatika na kurudi ghafla. UPS iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo, hata kama itabidi kadi ya picha ishuke daraja.

Ipo njia ya tatu. Kompyuta ya ofisini iliyotumika, ya kizazi kinachokubali Windows 11, inaweza kuongezewa kadi ndogo kama GTX 1650, ambayo matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Kwanza hakikisha kadi inaenea ndani ya kasha na pawa saplai inaimudu. EA SPORTS FC 24, gemu la mpira, lilitaja GTX 1050 Ti na RAM ya GB 8 kuwa kiwango cha chini. Lakini lilihitaji pia nafasi ya GB 100. Kulipakua kwa bando la simu ni gharama nyingine ya kupigia hesabu.

Mashine ikisafirishwa, kadi nzito itolewe na ifungwe peke yake, kwa kuwa mtikisiko wa njiani unaweza kuvunja sehemu inapochomekwa. Ikifika, kasha lifunguliwe kabla ya kuiwasha: huenda kuna sponji ndani iliyowekwa kuzuia mtikisiko. Risiti ya EFD itunzwe pamoja na karatasi ya waranti.

Mama wa Simbo anaweza kumkabidhi kijana daftari: vifaa na bei zake, nani atatengeneza, nani atalipia usafiri, UPS, bando. Apige simu yeye mwenyewe. Asipopata majibu, ataelewa kwa nini fedha haijatoka, bila kudhani mama anamnyima. Akiyapata yote, mama atajua kwamba fedha ya mawese inakwenda kwa mtu atakayeitunza mashine.