Kibarua Mzee Anahitaji Sauti Mbili

Ndugu msomaji, nina ombi. Jioni moja wiki hii zima televisheni, mwite mwenzio, msome shairi moja la Mmarekani Robert Frost kwa sauti: mmoja mume, mwingine mke.

Shairi limo katika *North of Boston*, kitabu kilichotoka London mwaka 1914, Frost akiwa na miaka 40. Kabla ya hapo alikuwa amefuga kuku na kufundisha shule huko Derry, New Hampshire, na watu wa kitabuni ni wa mashamba kama yale: wachuma matufaha, majirani wanaorudishia mawe ya ukuta kila mwaka ilhali hapana ng'ombe wa kuzuia.

Ninalowaomba mlisome ni lile la Silas, kibarua mzee: "The Death of the Hired Man", yaani Kifo cha Kibarua. Aliwahi kuondoka wakati wa kukata nyasi, kazi ikiwa imepamba moto. Sasa amerudi, hoi. Mary, mke wa mwenye shamba, amemkuta amejikunyata kwenye mlango wa banda, akamwingiza ndani. Warren, mumewe, hataki kusikia habari zake. Wameketi nje kwenye ngazi, mbalamwezi inawaka, wanabishana, Mary akimwomba mumewe apunguze sauti mzee asije akasikia. Silas ana kaka tajiri, mkubwa wa benki, umbali wa maili 13 tu. Hakwenda kwake. Kwa nini? Hapo ndipo Mary na Warren wanapokwama, nami nimekwama nao miaka mingi. (Mwisho wake jina la shairi limeshaufichua, kwa hiyo sikuharibii uhondo.)

Sisi tuliokariri ngonjera za Mathias Mnyampala shuleni hatuoni ajabu shairi la watu wawili kujibizana. Ila katika ngonjera mbishi hushindwa, akakiri kosa. Frost hamtangazi mshindi. Vina pia hakutia. Wapenzi wa vina mtanisamehe, someni kwanza ndipo mninunie.

Na ninyi mnaozimudu lugha zote mbili, tupeni Silas wa Kiswahili. Kwa Marekani hakimiliki ya kitabu hiki ilishakwisha, na neno "kibarua" tunalo tayari, pamoja na jasho lake lote. Walimu, mkipata hata nusu ukurasa, wapeni wanafunzi wawili wasimame mbele ya darasa.

Mimi nimeanza na maneno ya Mary. Natafuta wa kuwa Warren.