Wembe Mmoja, Miguu Kumi



Siku ya posho jioni, kisha kuoga, wembe unapita katika vyumba vya kulala. Mmoja anakata ngozi ngumu ya kisigino, anaupangusa kwa suruali, anamupa mwenzake. Sisi wakubwa wa vyumba tunaona, na tuseme kweli: sisi pia tulifanya hivyo. Kiangazi miguu inapasuka, na mtu anapata haya kuingia ibadani na visigino vyeupe kama unga.

Lakini wembe haujui pahali ngozi iliyokufa inaisha na nyama inaanza. Damu kidogo tu inatosha. Kwa njia hiyo ugonjwa wa maini (epatiti B) na ukimwi vinaweza kupita toka mtu hata mtu, na kidonda kichafu kinaweza kuleta tetanosi. Yote hayo juu ya kisigino!

Wenzetu wa Goma wako na kitu cha bure: jiwe la volkano lenye matundu-matundu. Moto wa Nyiragongo uliunguza sehemu ya mji ule katika 2002; mawe yake yanajenga kuta, na kipande kidogo kinasugua mguu. Loweka miguu dakika 10 katika maji ya vuguvugu, sugua polepole, kausha, paka mafuta. Hata mawese inafaa, ijapo shuka litalia. Kila mtu na jiwe lake.

Tunamuomba Bwana Prefe karai moja ya maji ya moto kwa kila chumba, siku ya posho. Na wembe tutakaoukuta unapita mikononi tutauchukua, hata kama ni wa rafiki yetu.