Harambee hujenga maktaba, lakini nani atanunua vitabu vya Kijerumani?

Mkataba wa uhamiaji na ajira ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024 ulizua matumaini miongoni mwa vijana waliohitimu na wasio na kazi. Kaunti ya Nyeri ina sababu ya ziada ya kuufuatilia. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC) kina bewa mjini Nyeri, hospitali ya Consolata Mathari ina chuo chake cha uuguzi, na Tumutumu, karibu na Karatina, nako wauguzi hufunzwa. Muuguzi anayetaka kutambuliwa kikamilifu nchini Ujerumani kwa kawaida hudaiwa cheti cha Kijerumani cha kiwango cha B2. Taaluma anayo; lugha ndiyo hana.

Mwenye uwezo hujiandikisha katika taasisi ya Goethe jijini Nairobi au katika vyuo vya kibinafsi. Asiye na karo hubakia na maktaba ya umma, na hapo ndipo kitendawili kinapoanza. Rafu za maktaba ndogo za mashinani zimejaa Kiingereza. Si kwamba wakutubi hawajali. Ni kwamba vitabu vingi katika rafu hizo havikununuliwa, vilitolewa.

Shirika la Book Aid International la Uingereza, lililoanza mwaka 1954, limekuwa mfadhili mkubwa wa maktaba za Afrika, zikiwemo zile za Shirika la Huduma za Maktaba nchini (KNLS), na msaada wake haustahili kubezwa. Hata hivyo, mfadhili hutoa alicho nacho. Mchapishaji wa London hutoa vitabu vya Kiingereza, basi kijiji kilicho chini ya Mlima Kenya hupokea Kiingereza. Kijerumani, Kifaransa na Kichina, sawa na Kiswahili na Kikuyu, havimo katika shehena hiyo ila kwa nadra. Anayevitaka sharti atoe pesa taslimu.

Pesa hizo si chache, kwa kuwa kitabu cha kufunza lugha hakifanani na riwaya. Riwaya moja yaweza kusomwa na watu 50 kwa zamu. Kozi ya Kijerumani huja na kitabu cha mwanafunzi, kitabu cha mazoezi na sauti za kusikiliza, kisha yote hayo hurudiwa kwa kila kiwango: A1, A2, B1 na B2. Maktaba ikinunua cha A1 pekee, msomaji atajifunza kusalimu na kununua mkate, kisha akwame. Kitabu cha mazoezi nacho huandikwa ndani. Msomaji wa kwanza akishakijaza kwa kalamu, wa pili hana chake. Ndipo watu hukimbilia mashine ya kunakilisha, ambako Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huwasubiri. Isitoshe, wachapishaji hutoa matoleo mapya, na mtihani hubadilika. Kwa ufupi, haya ni matumizi ya kila mwaka, wala si ununuzi wa siku moja.

Juu ya hayo kuna bei yenyewe. Sheria ya Ushuru wa Ongezeko la Thamani (VAT) ya 2013 iliingiza vitabu katika kiwango cha asilimia 16, hatua iliyolalamikiwa sana na wachapishaji. Aidha, kitabu cha ng'ambo hulipiwa kwa fedha za kigeni. Januari 2024 dola moja ilifika takriban Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Kamati iliyochanga fedha kabla ya shilingi kuporomoka na kununua baadaye ilipata vitabu pungufu, bila mtu yeyote kuiba hata ndururu.

Eneo hili halikosi ujuzi wa kuchanga. Harambee imejenga shule, zahanati na makanisa tangu enzi za Mzee Jomo Kenyatta, na siku hizi nambari ya M-Pesa huwafikia hata wana wa Mathira na Othaya walioko Marekani. Kamati werevu huweka mchango wakati wa bonasi ya majani chai, mkulima anapokuwa na kitu mfukoni. Lakini harambee hupenda jambo linaloonekana. Mgeni wa heshima hukata utepe mbele ya jengo. Hakuna anayekata utepe mbele ya kitabu cha mazoezi cha kiwango cha B1. Tena mgeni huyo kwa kawaida ni mwanasiasa, na Julai 2024, maandamano ya vijana yakiwa yangali moto, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga maafisa wa serikali marufuku kushiriki harambee. Chanzo kinachotegemea hisani ya wakubwa kimedhihirika kuwa si cha kutumainiwa.

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini Kijerumani kitangulie ilhali watoto hawana hadithi za Kiswahili za kutosha. Hoja hiyo ina uzito. Ila wanaoitoa husahau kwamba mshindani wa Kiswahili rafuni si Kijerumani, bali ni ile imani kwamba vitabu huja bure katika maboksi. Wala lugha za mbali si ugeni Nyeri. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walikuwa na shule ya uchapaji mjini humo, na mwaka 1933 ilichapa kitabu cha Padre Cagnolo kuhusu Wakikuyu. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alikwenda Giessen na Munich mwaka 1967 kuendeleza utafiti wake wa uzamifu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kukabidhiwa kwa maktaba hizo kulichukua miaka mingi, na mazungumzo yakatawaliwa na majengo na mishahara. Vitabu vikasahaulika. Mchango wa wananchi unaweza kununua seti ya kwanza. Ya pili na ya tatu ni lazima zitoke katika bajeti, kwenye fungu lenye jina lake.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka makadirio ya kaunti yafikishwe mbele ya bunge lake kufikia Aprili 30, na wananchi wasikizwe kabla ya kupitishwa. Katika vikao hivyo wakazi huomba barabara, maji na basari. Basari moja humlipia karo mwanafunzi mmoja kwa muhula. Kamati ya maktaba itakayofika hapo ikiwa na orodha ya vitabu, idadi ya nakala, bei iliyojumlisha VAT na usafirishaji, pamoja na daftari la wasomaji waliovitafuta wakavikosa, itawapa madiwani kitu cha kukubali au kukataa hadharani.